Ukungu Usio na Tarehe

Kijana wa saiba, duka la kompyuta pale Kitengela, aliyekuwa akitutengenezea kijitabu cha mazishi, aliniuliza kama aiondoe tarehe iliyokuwa kifuani mwa mume wangu. Picha niliyompelekea ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Muthiani amesimama mlangoni kwetu, amevaa sweta ya kijivu, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini katikati ya kifua, kwa wino mweupe, kuna siku, mwezi na mwaka, maandishi makubwa kama yale ya kwenye gunia la mahindi. "Mathe, hii nafuta mara moja, hata hutajua ilikuwa hapo," alisema, mkono umeshafika kwenye kompyuta. Nikamwambia aache. "Itakaa vibaya. Watu watafikiria ndiyo siku alizaliwa." Nikamwambia wacha wafikirie. Siku ya mazishi, huko kwao upande wa Machakos, nilisikia wanawake wawili wa kanisa wakinong'ona nyuma yangu wakati kijitabu kinapita mikononi. Mmoja aliuliza, "Kwani huyu alikuwa anajipiga chapa kama ng'ombe wa mnada?" Mwenzake akacheka kwa pua, halafu akakohoa ili ionekane alikuwa analia. Sikugeuka. Picha zote za nyumba yetu ziko hivyo, za watoto wakibatizwa, za mama yangu akiwa ndani ya jeneza, za jirani aliyekuja tu kujaribu kofia mpya. Zote zina tarehe usoni, siyo nyuma. Sababu yake ni mwaka wa elfu mbili, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, na tangu tumzike mume wangu nimekuwa nikiurudia mwaka huo kama mtu anayerudi jikoni kuangalia kama amezima moto.

Tuliishi Noonkopir, humu humu Kitengela, katika chumba kimoja cha mabati kilichogawanywa kwa pazia. Mbele ilikuwa studio. Kulikuwa na benchi la wateja, kioo kidogo na kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibiwe, na ukutani kitambaa kikubwa kilichochorwa maporomoko ya maji, ua jekundu na ndege ya abiria, vyote pamoja. Nyuma ya pazia tulikuwa sisi: kitanda, stovu ya mafuta taa, sufuria zetu, na sanduku langu la shule ambalo sasa lilibeba nguo. Nilikuwa nimeishia darasa la nane, sikuwa na kazi, na wiki za kwanza niliona haya kupita mbele ya watu. Kwa hiyo niliujua mji kwa masikio kabla ya kuujua kwa macho. Nilijua bibi harusi aliyekuwa akilia kwa sababu viatu vimembana, nikajua baba aliyemfokea mtoto acheke. Nilijua sauti ya Mutua wa bucha ya jirani, ambaye aliingia kila asubuhi kuomba kiberiti na kuacha maneno. "Shemeji!" aliniita kupitia pazia. "Uko hai huko ndani au huyu amekugeuza picha?"

Siku hizo filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na Muthiani hakuipeleka Nairobi kusafishwa mpaka iishe. Mteja aliyepigwa mwanzo wa filamu alingoja mpaka watu wengine waijaze. Ugomvi mwingi niliousikia nyuma ya pazia ulikuwa huo. "Muthiani, picha yangu?" "Filamu haijaisha, mama." "Basi imalize! Piga hata kuku!" Yeye hakupiga kuku. Alitoka nje, akaelekeza kamera juu, akamaliza filamu kwa mawingu. Ndivyo alivyoanza, kabla sijamjua. Baadaye hakungoja tena filamu iwe na nafasi. Alienda Ngong kabla jua halijatoka, akaenda Kajiado, akashuka barabara ya Namanga mpaka mbele ya Bisil, mahali ambapo mlima wa Orok unasimama peke yake, mweusi, na asubuhi za mvua unajifunika ukungu kuanzia kiunoni kama mtu anayefunga leso. Aliniambia mara ya kwanza alipouona hivyo alisahau kufungua kifuniko cha kamera. Katika Kitengela ile hakukuwa na mtu mwingine aliyepiga picha isiyo na mtu ndani. Walimcheka. Mutua alishika moja ya picha za mlima, akaigeuza, akaiinamisha. "Sasa hapa umepiga nani?" "Mlima." "Na atakuja kuchukua picha yake lini?" Benchi zima likacheka. Muthiani naye alicheka, akairudisha picha ile kwenye bahasha kwa vidole viwili, bila kugusa uso wake.

Lazima nieleze habari ya dirisha, maana bila dirisha haya mengine hayaeleweki. Studio ilikuwa na kioo kinachotazama barabara. Kila Ijumaa jioni picha zilirudi kutoka Nairobi, na Jumamosi asubuhi Muthiani alitoa za wiki iliyopita na kubandika mpya. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo, lakini mji ulizoea. Watu wa soko walipita Jumamosi kuangalia nani ameoa, nani amekata nywele, nani aliyezikwa na jeneza la rangi gani. Wasiojua kusoma gazeti walisoma kioo chetu. Nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Si umwone huyo, anasema ni mgonjwa na juzi alikuwa hapa na suti!" Kilichokuwa kwenye dirisha kilikuwa cha wiki ile. Hata mtoto alijua.

Halafu mvua ndefu haikuja. Mwaka uliotangulia ilikuwa kidogo, na mwaka ule tuliangalia Machi ikapita, Aprili ikapita. Wafugaji kutoka chini, Bisil na Namanga na kwingine, walipandisha ng'ombe kuja kwetu kutafuta majani ya kando ya barabara, na wengine wakasonga mpaka ndani ya Nairobi. Ng'ombe walipita mbele ya studio mbavu zikihesabika, kwato zikiburuta, na vumbi lao liliingia mpaka kwenye unga. Stima ilikuja kwa zamu. Kitu cha ajabu ni kwamba tulikula nyama kila siku. Ng'ombe waliokuwa karibu kufa walichinjwa kabla hawajafa, na Mutua alikuwa akitugawia mifupa kwa sababu ingeoza. Niliichemsha mchana kutwa, na supu ilikaa kama maji ya kuoshea mikono, bila hata jicho moja la mafuta juu. Muthiani alikunywa akasema ni nzuri. Nilijua si nzuri, na alijua ninajua. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na harufu ya ngozi mbichi kutoka bucha ilinifanya nikae na kipande cha ndimu puani. Ile mimba haikufika. Siandiki zaidi juu yake hapa. Naitaja kwa sababu ilikuwa ndani ya mwaka huo, na kwa sababu baada yake Muthiani alikaa siku nyingi studio akiangalia kitambaa chenye maporomoko ya maji.

Wateja waliisha. Nani anapiga picha ng'ombe zake zikifa? Ijumaa moja hakukuwa na filamu ya kutoka Nairobi, na Jumamosi dirisha likabaki na bibi harusi wa mwezi uliopita, amepauka kwa jua mpaka uso ukawa kama wa samawati. Muthiani aliona aibu. Alikuwa amerudi juzi yake kutoka Kajiado, kupiga wanafunzi wa shule moja picha ndogo za fomu za mtihani, na picha za mtihani hazibandikwi. Akafungua bahasha zake za milima. Kulikuwa na picha moja kubwa aliyoipenda kuliko zote, aliyoipiga Orok wakati wa mvua za El Niño, kama miaka miwili nyuma, wakati barabara ilikatwa na maji naye akalala siku kadhaa kwa mzee mmoja rafiki yake. Ilikuwa ya rangi lakini ilitoka kama haina rangi. Juu kulikuwa na ukungu mweupe mzito, chini mlima mweusi, na upande wa kushoto mgunga mmoja mkubwa umesimama, mdogo mbele ya mlima kama kijiti. Akaibandika katikati ya kioo. Nilitoka nje na mimi nikaitazama. Niliona baridi mikononi, kweli. Watu walianza kusimama. Walikuwa wengi kuliko siku za harusi.

Mzee Sironka alikuja Jumatatu. Ndiye yule rafiki wa Muthiani kutoka karibu na Orok, aliyekuwa akimlaza kila alipokwenda kupiga mlima. Miezi ile alikuwa kwetu na ng'ombe zake, upande wa mbuga, pamoja na mwanawe Lemayian. Alikuwa mtu mrefu mwenye shuka nyekundu na koti la zamani juu yake, na jicho moja lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, jingine likianza. Nilimwona kwa upenyo wa pazia akiweka uso kwenye kioo mpaka pua ikagusa, akisogeza kichwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama anayenusa. Akaingia, akamsalimu kwa Kimaasai, akimwita rafiki yake.

"Sopa, olchore lai."

"Epa, mzee. Karibu, keti."

Hakuketi. "Hii ni mlima yetu?"

"Ni Orok, mzee. Umeijua!" Sauti ya Muthiani ilipanda. Mji mzima haukuwa na mtu aliyewahi kuutaja mlima ule kwa jina.

"Na hii nyeupe ni ukungu."

"Ukungu, mzee. Mpaka chini."

"Ya asubuhi?"

"Asubuhi mapema. Nyasi zilikuwa na maji, viatu vyangu vyote vililowa."

"Nilikuja wiki iliyopita, wakasema umeenda chini."

"Ndiyo, nilirudi juzi. Kajiado."

"Ashe," mzee alimshukuru. "Ashe oleng." Halafu akauliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwuliza mume wangu. Aliuliza kama anaweza kupewa picha ile. Muthiani aliitoa kwenye dirisha, akaifunga kwa karatasi ya nailoni, akampa kama zawadi. Mimi nilikuwa nageuza chapati ya unga mweusi. Nilisikia kila neno na sikusikia kosa lolote, kwa sababu halikuwepo. Kila alichoulizwa, alijibu kweli. Aliporudi nyuma ya pazia alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona hata siku ya harusi yetu. "Ndunge," aliniambia, "ametaka mlima. Hakutaka mtu yeyote ndani. Ametaka mlima tu." Akala chapati tatu.

Mutua ndiye aliyetuletea habari, na hakuomba kiberiti siku hiyo. Sijui ilikuwa baada ya wiki mbili au tatu. Aliingia akasimama katikati ya studio na aproni yake ya damu. "Muthiani, yule mzee wako wa picha. Ng'ombe zake zimelala barabarani kutoka Kajiado mpaka Bisil. Dereva wa lori ameniambia anazikwepa kama mashimo." Muthiani aliuliza mzee alienda wapi na ng'ombe wakati huu. "Nyumbani. Alisema mlima umepata mvua. Alikuwa anaonyesha wazee wengine picha njiani, na wawili wakageuza ng'ombe zao wakamfuata." Mutua alipenda kuongea, lakini hapo alitafuta pa kuangalia. "Huko sokoni wanasema Mkamba amewaonyesha mvua kwenye karatasi. Mimi nimewaambia wewe si mganga. Lakini unajua watu." Nilisikia benchi likilia Muthiani alipoketi. Alikaa hapo mpaka jioni. Nilimwekea chakula, nikakitoa. Kesho yake mtu alikuwa ametema mate kwenye kioo, mate ya tumbaku, na Muthiani alinikataza kuyafuta. Aliyafuta mwenyewe, akaendelea kufuta mahali hapo muda mrefu baada ya kioo kuwa safi.

Tulienda. Alisema nisiende kwa sababu sijapona, nikamwambia nitaenda. Sina haja ya kueleza barabara ile. Baada ya Kajiado kulikuwa na harufu, na abiria walifunga madirisha hata kwa joto lile. Tulishuka mbele ya Bisil na kutembea. Nilikuwa nikiuona Orok kwa mara ya kwanza kwa macho yangu, na nilishangaa jinsi ulivyokuwa wazi. Hakukuwa na wingu hata la kufunika jani. Mawe yake yote yalionekana, makavu, yenye rangi ya majivu. Karibu na boma la Mzee Sironka kulikuwa na gogo kubwa la mgunga, limelala siku nyingi mpaka jua limelifanya jeupe, na watoto walikuwa wamekaa juu yake bila kucheza. Mke wa mzee aliniingiza ndani, akanipa chai ya rangi, akaomba msamaha kwamba hakuna maziwa. Mwanamke wa Kimaasai kukuomba msamaha kwa ajili ya maziwa ni jambo ambalo sijalisahau. Tulikaa gizani karibu na moto, hatujui maneno mengi ya kuambiana, na kupitia ukuta wa samadi niliwasikia wanaume wameketi nje, upande ule mwingine, karibu sana.

Muthiani hakuzunguka. "Mzee, ile picha ni ya zamani. Niliipiga wakati ule barabara ilikatika. Nimekuja kukuambia kwa mdomo wangu."

Mke wa mzee akainua kichwa.

"Sema polepole," Mzee Sironka akasema.

"Nasema ilikuwa ya—"

"Nimesikia. Sema polepole. Watoto wangu wako hapo." Akatema mate chini. "Nimewaambia ukungu ulikuwepo, ukaondoka kabla hatujafika. Mungu alileta, Mungu akachukua. Hiyo wanaweza kubeba."

"Mzee, nisamehe."

"Zimebaki nne. Jana zilikuwa tano." Halafu, kama mtu anayeuliza habari za barabara, "Kwa nini hukuniambia ni ya zamani?"

"Hukuuliza, mzee. Na mimi nilifurahi."

"Mimi pia nilifurahi," mzee akasema.

Nilisikia nailoni ikifunguliwa. Muthiani alikuwa na kalamu ya wino mweupe, ile ya kuandikia jina la studio pembeni mwa picha. Alimwambia wacha aandike tarehe hapo hapo, asije mtu mwingine akapotea kwa ajili yake. Nilisikia kifuniko cha kalamu kikitoka. "Usiandike," mzee alisema, na nadhani alimshika mkono, maana Muthiani alivuta pumzi. "Mimi sijui kusoma, lakini hawa wanasoma. Siku moja watasema baba yetu alifuata mvua ya zamani kama mjinga. Iache hivyo." Kifuniko kikarudi. Tulipoondoka Lemayian alitusindikiza mpaka barabarani, kijana aliyekuwa ametoka tu kwenye umoran, lile rika la vijana wapiganaji, kichwa kimenyolewa. Alipotaka kuagana nasi alimshika mume wangu mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikafikiri ni hasira.

Tuliporudi, Muthiani alichukua filamu zake zote za milima, Ngong, Kajiado, Orok, akazitupa kwenye choo cha shimo cha plot, tulichotumia wapangaji wote. Picha alizichoma kwenye jiko la makaa, moja moja, na mimi nilikaa naye. Zilijikunja, zikatoa moshi mbaya. Kisha akaanza kuandika tarehe. Mwanzo wateja walikataa. "Umeniandika usoni!" Alisema asiyetaka aende kwingine, na wengi walienda. Hakuacha kupenda ukungu. Miaka ya baadaye alipiga tena, mara chache, lakini kila alipopata picha alipitisha wino katikati ya mlima, tarakimu kubwa, mpaka huoni tena kingine. Bwana mmoja mwenye hoteli barabara ya Namanga aliwahi kuja akazitazama akasema zingejaza kuta zake zote, ila bila maandishi. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika mtoto wetu wa kwanza aliyeishi. Niliomba kimya akubali. Bwana alimwambia, "Mgeni hataki kujua ni lini. Mgeni anataka tu kuona mlima." Muthiani akamjibu, "Hapo ndipo shida ilipo," akamfungulia mlango. Nilimkasirikia siku ile, na siku nyingine nyingi. Alikuwa mtu wa mkono mzuri sana, akauharibu kila mara kwa makusudi mbele yangu, na mimi nilipika, nikafua, nikatazama.

Sasa niko Kitengela peke yangu, kwenye nyumba ya mawe, na kutoka dirishani naona ukuta wa jirani. Majuma mawili baada ya mazishi, Lemayian alikuja. Nilimtambua kwa kimo tu, maana kichwa chake ni cheupe na ana miwani. Hakuja mazishini kwa sababu alipata habari amechelewa, lakini mtu alimpa kijitabu. Mzee Sironka alikufa zamani, katika miaka ile ile ya elfu mbili, na ng'ombe walirudi kidogo kidogo, kwa wanawe. Tuliongea hayo. Alikunywa chai. Kisha akatoa kwenye mkoba wake nailoni iliyokuwa imekuwa ya manjano, na kabla hajaifungua nilijua. Ukungu ulikuwa mweupe vile vile. Alikiweka kijitabu cha mazishi kando yake.

"Mama, kila picha ya mzee wako iko na tarehe. Hata yake mwenyewe. Hii yetu haina. Nimekuja kuuliza ni ya lini."

Nilisikia tena sauti ya baba yake kupitia ule ukuta, sema polepole. Watu wawili walikuwa wamekubaliana, na wote wawili wamekufa wakiwa wamenyamaza. Ningeweza kusema sijui. Lakini nimekaa miaka yote na mtu aliyejua ubaya wa jibu lisilokamilika, na mdomo wangu haukuweza.

"Ni ya El Niño," nikamwambia. "Siku sijui, wala mwezi. Mvua ile iliingia mwaka mmoja ikaishia mwaka wa pili. Lakini ni ya wakati huo. Haikuwa ya mwaka wa kiangazi."

Alivua miwani. Aliweka kidole kwenye picha, upande wa kushoto, juu ya mgunga.

"Huu mti uliangushwa na upepo hiyo hiyo El Niño, mwishoni. Nilikuwepo. Tulikata matawi tukafanya boma." Kidole kilibaki pale. "Tulipofika Isinya na ng'ombe, bado karibu na hapa, mzee wetu aliwaonyesha wazee picha, ikapita karibu yangu. Nikaona mti umesimama."

Niliinama, nikautafuta mti.

"Ng'ombe zilikuwa bado na nguvu pale. Tungerudi. Lakini wazee walikuwa wamekaa, na mzee alikuwa anawaeleza vile macho yake yameona. Mtoto hasemi mbele ya wazee kwamba baba yake haoni. Nikasema nitamwambia jioni, tukiwa wawili. Jioni wakaja wale wengine na ng'ombe zao." Alirudisha miwani. "Miaka yote nimejiambia labda ni mti mwingine. Labda mzee wako alisimama upande ule mwingine wa mlima. Nilitaka uniambie ni ya mwaka ule."

"Ningependa kusema hivyo," nikamwambia.

"Najua."

Sikumwambia hakuwa na kosa, kwa sababu sijui kama hakuwa nalo. Lilibaki la baba yake, kwamba alikuwa ameambiwa ukweli pale bomani. Hilo hakuniuliza, na nililifikiria, nikaona siwezi kunyamaza, nikamwambia pia. Aliangalia sakafu. Alicheka mara moja, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kwa hiyo yeye alikuwa ananificha mimi," alisema, "na mimi nilikuwa namficha yeye."

Nilimwongezea chai. Hakuinywa. Baada ya muda akasukuma picha upande wangu wa meza. "Andika, mama."

"Siijui siku yenyewe."

"Andika kile unajua."

Kalamu zake ziko kwenye droo, nilikuwa sijazitoa. Ya kwanza ilikuwa imeziba, ya pili ikakubali. Mwandiko wangu si mzuri, na mkono ulikuwa mzito. Niliandika kwenye weusi wa mlima, kwa maana kwenye ukungu wino mweupe haungeonekana. Niliandika: wakati wa El Niño. Lemayian alisoma kwa sauti ndogo, neno kwa neno, akanyoosha mkono aichukue. Nikamwambia angoje, wino haujakauka. Akarudisha mkono, tukakaa, tukiutazama.